Je, huzuni ya mama wakati wa ujauzito inaweza kumnenepesha mtoto?

Swali: Naishi Tanga. Mume wangu alifariki ghafla nikiwa na mimba ya miezi minne, nikakaa eda mpaka nilipojifungua. Binti yangu alizaliwa kwa wakati wake akiwa na kilo 2.3. Sasa ana miaka 11, uzito wake ni kilo 46 na urefu wake sentimita 142, ingawa mimi si mnene, marehemu baba yake hakuwa mnene, na kaka zake wawili ni wembamba. Wifi zangu wanasema nilimlia mtoto tumboni, na kwamba ningejikaza asingekuwa hivi. Je, maneno yao yana ukweli wowote? Na kama yana ukweli, mwili wake unaweza kurekebishika? Nauliza pia kwa ajili ya mdogo wangu, ambaye ni mjamzito na yumo katika misukosuko ya ndoa.

Jibu: Dada yangu, pole kwa msiba, na pole pia kwa maneno uliyoyabeba miaka yote hii. Nitatangulia na jibu, kisha nieleze sababu zake. Ni kweli kwamba dhiki kubwa inayompata mama wakati wa ujauzito inaweza kuacha alama katika mwili wa mtoto, na alama hiyo inaweza kujitokeza miaka mingi baadaye katika uzito wake na katika namna mwili wake unavyotumia sukari na mafuta. Lakini athari hiyo ni ndogo, haifanyi kazi peke yake, wala haiufungi mwili usiweze kubadilika. Ama lile neno linalokuumiza zaidi, kwamba ungejikaza mtoto asingekuwa hivi, hilo ndilo lenye ushahidi hafifu kuliko yote.

Tuviangalie kwanza vipimo vya binti yako, maana maneno ya watu yamekuwa mengi kuliko vipimo. Kilo 46 kwa urefu wa sentimita 142 zinatoa uwiano wa uzito na urefu (BMI, yaani kilo zikigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe) wa 22.8. Kwa msichana wa miaka 11, chati za Shirika la Afya Duniani huhesabu uzito uliozidi kuanzia karibu na 20, na kiribatumbo, yaani unene wa kupindukia, kuanzia karibu na 24. Kwa hiyo ana uzito uliozidi, naye hajafika kwenye kiribatumbo, japo hayuko mbali nacho. Kipimo cha watu wazima, ambacho huanzia 25, hakimhusu mtoto wa umri huu. Anayekitumia atakwambia kwamba hakuna tatizo, kumbe lipo.

Sasa niingie kwenye swali lenyewe. Wazo kwamba maisha ya tumboni yanaweza kuamua afya ya utu uzima lilipata nguvu katika miaka ya 1980, pale daktari wa Uingereza David Barker na wenzake walipofukua madaftari ya Hertfordshire, ambako tangu mwaka 1911 wakunga waliandika uzito wa watoto waliozaliwa. Walipolinganisha madaftari hayo na vyeti vya vifo, waligundua kwamba wanaume waliozaliwa na uzito mdogo walikufa kwa maradhi ya moyo kwa wingi zaidi, na baadaye ikaonekana kwamba walipata kisukari cha ukubwani kwa wingi zaidi pia. Mwaka 1992 Barker na Nicholas Hales walieleza kwamba mtoto anayepata lishe haba tumboni hujifunza kubana matumizi: huulinda ubongo, huipunja misuli, kongosho na figo, na mwili wake huzoea kuweka akiba. Mafunzo hayo humfaa akizaliwa katika uhaba, lakini humgeukia akizaliwa penye chakula kingi.

Ushahidi mzito zaidi ulitoka Uholanzi. Septemba 1944 wafanyakazi wa reli waligoma kwa wito wa serikali yao iliyokuwa uhamishoni London, na jeshi la Ujerumani likalipiza kwa kuzuia chakula kisifike miji ya magharibi, ikiwemo Amsterdam. Katika majira hayo ya baridi mgao wa mtu mzima ulishuka chini ya kalori 1,000 kwa siku, na nyakati mbaya zaidi ukawa kati ya 400 na 800, mpaka nchi ilipokombolewa Mei 1945. Njaa hiyo ilianza na kuisha kwa tarehe zinazojulikana, na watu walioipata walikuwa wameshiba kabla yake na wakashiba baada yake, hivyo iliwezekana kujua kila mtoto alikuwa na umri gani tumboni ilipompata. Mwaka 1976 yalichapishwa matokeo ya vijana wa kiume wapatao 300,000 waliopimwa wakiwa na miaka 19 kwa ajili ya jeshi. Wale ambao njaa iliwapata katika nusu ya kwanza ya mimba walikuwa na kiribatumbo kwa wingi zaidi, na wale iliowapata katika miezi ya mwisho ya mimba na miezi ya mwanzo baada ya kuzaliwa walikuwa nacho kwa uchache zaidi. Alama hiyo basi inategemea wakati, na miezi ya mwanzo haiathiri mwili kwa namna ile ile ya miezi ya mwisho.

Utasema kwamba wewe hukuwa na njaa bali ulikuwa na huzuni, nami nakubali kwamba hayo ni mambo mawili. Katika vita ni vigumu kuyatenganisha, kwa kuwa mama mwenye njaa huwa pia na hofu, na mwenye hofu hali vizuri. Ndiyo maana utafiti wa Quebec, nchini Kanada, una thamani ya pekee. Januari 1998 mvua ya barafu ilinyesha kwa siku kadhaa, nyaya na minara ya umeme ikavunjika kwa uzito wa barafu, na watu zaidi ya milioni tatu wakakosa umeme, baadhi yao kwa saa chache na wengine kwa zaidi ya mwezi, katika baridi kali. Mtafiti Suzanne King na wenzake waliwatafuta wanawake waliokuwa wajawazito wakati huo. Waliwauliza mambo ya aina mbili: kwanza yale yaliyotokea, kama vile siku walizokaa bila umeme, kuhama nyumba, hasara na hatari waliyopata; na pili namna walivyojisikia, yaani hofu, usingizi wa mang'amung'amu na kumbukumbu zilizowarudia. Kisha wakawafuatilia watoto kwa miaka mingi.

Watoto walipofika miaka mitano na nusu, wale ambao mama zao walipatwa na mambo mazito zaidi ya ile aina ya kwanza walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na kiribatumbo. Walipofika miaka 13 na nusu, kongosho zao zilitoa insulini, homoni inayoishusha sukari ya damu, nyingi zaidi walipopewa sukari, ambayo ni dalili ya mwili unaoanza kuisumbukia sukari kupita kawaida. Kilichoonyesha uhusiano huo kilikuwa ukubwa wa mambo yaliyotokea, wala si ukubwa wa huzuni na hofu ambazo mama alisema alizihisi. Idadi ya watoto hao ilikuwa ndogo, zaidi kidogo ya mia moja katika kipimo cha kwanza na wachache zaidi katika kile cha pili, kwa hiyo sitaki kuutwisha utafiti mmoja mzigo usiouweza. Hata hivyo, hakuna humo hata chembe ya kumuunga mkono anayesema kwamba mama mwenye moyo mgumu humlinda mtoto na mama anayelia humdhuru. Kwako wewe yaliyotokea ni kwamba mume alikufa, na pengine kipato kilipungua, usingizi ukakatika na chakula kikakosa ladha. Kujikaza kusingeyafuta hayo, na machozi hayakuyaongeza.

Misiba nayo imechunguzwa peke yake. Nchini Denmark, ambako kila mtu ana namba ya usajili inayounganisha kumbukumbu zake zote, watafiti waliwafuatilia watoto zaidi ya 65,000 kwa kutumia vipimo vya uzito vilivyochukuliwa shuleni, wakawatenga wale ambao mama zao walifiwa na mtu wa karibu katika mwaka uliotangulia mimba au wakati wa mimba. Watoto hao walikuwa na uzito uliozidi kwa wingi zaidi walipofika miaka 10 na kuendelea, na jambo hilo lilionekana zaidi pale msiba ulipotokea katika miezi ya karibu kabla ya mimba kutungwa. Hata miongoni mwao, wengi hawakuwa na uzito uliozidi. Ndiyo maana nasema kwamba hili ni jambo linalouelekeza mwili upande fulani, bila kuulazimisha.

Njia inayopita dhiki hiyo mpaka imfikie mtoto inajulikana kwa sehemu kubwa, nayo inastahili maelezo, kwa sababu mtu akijua mwili unavyofanya kazi huacha kufikiria laana na adhabu. Mtu anapopata dhiki, ubongo huziamuru tezi ndogo zilizoketi juu ya figo zitoe homoni iitwayo kotisoli, ambayo kazi yake mojawapo ni kuliamuru ini limwage sukari katika damu ili mwili uwe na nguvu ya kukabiliana na hatari. Katika ujauzito kotisoli ya mama hupanda hata kama hana dhiki yoyote, na mtoto anaihitaji kidogo, hasa mwishoni, ili mapafu yake yakomae. Ikimfikia kupita kiasi, hupunguza ukuaji wake na kuviharakisha viungo vyake kukomaa kabla ya wakati. Kwa hiyo kondo la nyuma limewekewa mlinzi: kimeng'enya kinachoigeuza sehemu kubwa ya kotisoli ya mama iwe kitu kisicho na nguvu, hata kiasi kilichomo katika damu ya mtoto huwa kama sehemu moja ya kumi ya kile cha mama. Katika wanawake wenye wasiwasi mwingi, na katika panya walionyimwa protini, kimeng'enya hicho kimeonekana kupungua. Mlinzi akipungua, kotisoli nyingi zaidi hupita.

Watafiti wa Edinburgh walilionyesha hilo kwa panya. Panya wajawazito walipopewa deksamethasoni, ambayo ni dawa ya jamii ya kotisoli isiyozuiliwa vizuri na kimeng'enya hicho, katika theluthi ya mwisho ya mimba, watoto wao walizaliwa wadogo, na walipokua ini lao likawa linatengeneza sukari kupita mahitaji. Ini lilikuwa limepangwa upya tangu tumboni. Mambo kama hayo hutokea katika tishu za mafuta, katika kongosho, na katika sehemu za ubongo zinazoamua kotisoli itoke kiasi gani na mtu ashibe lini. Matokeo yake ni mtoto anayeanza maisha akiwa mwembamba, mwenye misuli michache, ambaye baadaye akipata chakula kingi hukitia kwenye mafuta, hasa ya tumboni, haraka kuliko wenzake. Kwa hiyo kilo 2.3 za siku ya kwanza na kilo 46 za leo hazipingani. Kilo 2.3 kwa mtoto aliyetimiza miezi yake ni uzito pungufu, kwa kuwa mpaka wa kimataifa ni kilo 2.5, na uzito huo ndio kidokezo pekee katika barua yako kinachonifanya nidhani kwamba kweli tumboni kulikuwa na jambo.

Kuhusu namna mwili unavyoitunza kumbukumbu hiyo kwa miaka mingi, jibu linalochunguzwa zaidi ni la alama za kikemia zinazobandikwa juu ya vinasaba, ambazo hazibadilishi kinasaba chenyewe bali huamua kifanye kazi kwa nguvu kiasi gani. Mwaka 2008 ilionekana kwamba Waholanzi ambao mimba zao zilitungwa wakati wa njaa ile walikuwa bado wana tofauti ya alama katika kinasaba kinachohusika na ukuaji, miaka sitini baadaye, walipolinganishwa na ndugu zao wa jinsi ile ile ambao hawakuipata njaa. Karibu zaidi na kwetu, huko Goma, mashariki mwa Kongo, watafiti waliwapima mama 25 na watoto wao wachanga, katika eneo ambako wanawake wamepitia vita, ubakaji na kukimbia makazi. Kadiri mama alivyopitia dhiki kubwa, ndivyo mtoto alivyozaliwa na uzito mdogo zaidi, na ndivyo alama zilivyoongezeka katika kinasaba kinachotengeneza kipokezi cha kotisoli. Mama 25 ni wachache mno kutungia sheria, na watoto hao walipimwa uzito wa kuzaliwa tu. Lakini dhiki iliyopimwa hapo ilikuwa ya vita, ambayo hofu ya kukatikiwa umeme haiifikii, na matokeo yalikwenda upande ule ule.

Mpaka hapa nimeeleza jinsi alama inavyoingia. Sehemu inayobaki, ambayo kwangu ndiyo kubwa kuliko zote, ni ile ya yanayotokea baada ya kuzaliwa. Leningrad, mji wa Urusi, ilizingirwa na jeshi la Ujerumani kuanzia Septemba 1941 hadi Januari 1944, na njaa yake ilikuwa ya kutisha kupita ile ya Uholanzi. Watu waliokuwa tumboni wakati huo walipopimwa katika utu uzima, hawakuonekana kuwa na sukari mbaya wala unene zaidi ya wale waliozaliwa nje ya mzingiro. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba baada ya mzingiro chakula kiliendelea kuwa haba kwa muda mrefu, hivyo watoto wadogo walikua polepole na miili yao haikupata wingi ambao haikuandaliwa kuupokea. Uholanzi ilishiba mara moja. Nchini Nigeria, watu wazima 1,339 walipimwa Enugu wakiwa na umri wa karibu miaka 40. Wale waliokuwa tumboni au wachanga wakati wa njaa ya vita vya Biafra, vya 1967 hadi 1970, walikuwa na shinikizo la damu, sukari iliyopanda na uzito uliozidi kwa wingi zaidi kuliko wale waliozaliwa baada ya vita. Wamekua katika mji wenye mafuta ya kupikia, soda na magari. Utafiti wa Helsinki, nchini Finland, unakubaliana na hayo: waliopata kisukari na maradhi ya moyo kwa wingi walikuwa wale waliozaliwa wadogo kisha wakanenepa kwa kasi utotoni.

Hapa nakuomba uitafute kadi ya kliniki ya binti yako, kama bado unayo, uangalie mstari wa uzito wake katika miaka mitano ya kwanza. Mtoto akizaliwa mdogo, tena yatima, nyumba nzima hushirikiana kumnenepesha. Uji hutiwa sukari na siagi, bibi humpa cha pembeni, shangazi humletea soda, na hakuna mwenye moyo wa kumnyima mtoto asiye na baba. Silaumu mapenzi hayo. Lakini kama mstari ulipanda kwa kasi kati ya miaka miwili na sita, basi mikono iliyochangia uzito wa leo ni mingi, pengine pamoja na ya wifi zako. Tukumbuke vilevile kwamba yeye ni msichana anayekaribia kuvunja ungo, umri ambao mafuta huongezeka kwa kawaida, jambo ambalo kaka zake hawakulipitia. Kwa mtoto mmoja hakuna kipimo kinachoweza kutenga sehemu ya msiba, sehemu ya uji na sehemu ya balehe. Atakayedai kukipima hicho kwa damu au kwa nywele anakuuzia upepo.

Je, mwili unaweza kurekebishika? Alama za tumboni zenyewe hatuna dawa ya kuzifuta, lakini matokeo yake yanabadilika sana kwa maisha ya sasa. Watafiti wa Helsinki walionyesha kwamba miongoni mwa watu waliozaliwa wadogo, wale waliofanya mazoezi ya mara kwa mara walipata tatizo la sukari kwa uchache zaidi, na faida hiyo ilikuwa kubwa kwao kuliko kwa waliozaliwa na uzito mzuri. Sababu yake inaeleweka: msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata insulini ikiwa inasuasua, na hapo ndipo penye udhaifu wa mtoto aliyezaliwa mdogo. Mtoto wa umri wake anahitaji angalau saa nzima ya kutoka jasho kila siku. Kutembea kwenda shule, kuruka kamba, rede na kucheza mpira vyote vinahesabika, na vinampendeza kuliko mazoezi ya kuamrishwa.

Usimpunguze kilo. Lengo ni uzito utulie wakati urefu unaendelea. Akifika sentimita 150 akiwa bado na kilo 46, uwiano wake utakuwa 20.4, ambao kwa msichana wa miaka 12 umo ndani ya kiwango cha kawaida, na kwa kasi ya ukuaji wa umri huu si safari ndefu. Kumnyima chakula kungemletea njaa, aibu na kula kwa kificho, na kungemwongezea dhiki ambayo nayo hupandisha kotisoli. Anza na vinywaji, kwa sababu ndiko sukari inakojificha: soda, juisi za paketi, na chai yenye vijiko vitatu vinne. Mkate na maandazi ya asubuhi vipishane na muhogo wa kuchemsha, maharage au yai. Chipsi ziwe chakula cha mara moja moja. Wali na ugali vibaki, lakini sahani ipambwe zaidi na samaki, kunde, mchicha, kisamvu na matembele. Badilikeni nyumba nzima, hata kaka zake wembamba, ili asijione kwamba yeye peke yake ndiye mgonjwa. Alale mapema, kwa saa tisa au zaidi, maana usingizi haba huongeza hamu ya kula. Na mazungumzo ya kwamba alinenepa kwa sababu ya msiba wa baba yake yasifanywe mbele yake kamwe.

Mpeleke hospitali apimwe shinikizo la damu na sukari ya asubuhi kabla hajala. Mwonyeshe daktari shingo na makwapa yake: ngozi iliyokuwa nyeusi na nene hapo, ambayo wazazi wengi huisugua kwa dodoki wakidhani ni uchafu, ni dalili kwamba insulini inafanya kazi kwa shida. Akiwa nayo, au akiwa na kiu isiyokwisha na kukojoa sana, usikawie.

Nimalizie na mdogo wako. Jambo la kwanza ni kujua misukosuko hiyo ni ya namna gani. Kama kuna kupigwa, hilo si suala la lishe wala la homoni, bali ni la usalama wake na wa mimba, na vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto kwa ajili ya mambo kama hayo. Kama ni ugomvi, kutelekezwa au kukosa matumizi, msaada wenye maana zaidi ni ule unaopunguza dhiki yenyewe: mahali pa kulala kwa utulivu, chakula cha uhakika, mtu wa kumsindikiza kliniki. Kumwambia asiwaze hakumsaidii.

Kliniki ahudhurie mapema na amweleze nesi hali yake, hata kama hakuulizwa. Sonona ya ujauzito hutibika kwa mazungumzo ya mpangilio, na si lazima yafanywe na daktari bingwa. Huko Pakistan wahudumu wa afya wa vijijini waliofundishwa njia hiyo waliipunguza sonona kwa zaidi ya nusu, kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008. Uzito na urefu wa watoto haukutofautiana walipotimiza mwaka, lakini walipata kuhara kwa uchache zaidi na chanjo kwa ukamilifu zaidi. Anywe vidonge vya madini chuma na asidi ya foliki anavyopewa, apimwe shinikizo, damu na sukari.

Kuna mambo mawili yanayohusu dawa za jamii ya kotisoli ambayo ni lazima ayajue, kwa kuwa yanaelekea pande tofauti. Krimu nyingi za kujichubua, na mkorogo unaouzwa bila lebo, huwa na steroidi kali zinazopenya ngozi mpaka kwenye damu. Miongoni mwa wajawazito wa Dakar, nchini Senegal, waliotumia krimu zenye steroidi kali zaidi walikuwa na makondo madogo zaidi na walijifungua watoto wenye uzito pungufu kwa wingi zaidi. Kama anazitumia, asikatize ghafla bila ushauri ikiwa amezitumia kwa muda mrefu, bali amwambie daktari amwelekeze namna ya kuziacha. Kwa upande mwingine, ikitokea uchungu ukaanza kabla ya wakati na daktari akamwandikia sindano za deksamethasoni au betamethasoni za kuyakomaza mapafu ya mtoto njiti, asizikatae kwa kuogopa niliyoyaeleza kuhusu panya. Zinaokoa maisha, na jambo hilo lilithibitishwa tena katika utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliojumuisha hospitali za Kenya na kuchapishwa mwaka 2020. Watu wa Auckland, nchini New Zealand, ambao mama zao walidungwa sindano hizo kati ya 1969 na 1974 walipimwa wakiwa na miaka 30. Uzito wao, shinikizo lao na mafuta ya damu yao hayakutofautiana na ya wenzao, isipokuwa insulini yao ilipanda kidogo zaidi walipopewa sukari.

Mtoto akizaliwa, anyonyeshwe maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, na mama asaidiwe kazi ili maziwa yapatikane. Akizaliwa mdogo, awekwe kifuani mwa mama ngozi kwa ngozi na apimwe uzito kwa ratiba ya kliniki. Mstari wake ukifuata njia yake bila kushuka inatosha, hata kama yuko chini ya mtoto wa jirani, na uji wake wa mwezi wa saba usitiwe sukari.